Alfajiri ya Kibirizi, rangi za mafuta na picha ya akili unde

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa Ujiji, nachora kwa rangi za mafuta na kuwauzia wageni na watu wa maofisini. Nimepata oda ya picha kubwa, sentimita 120 kwa 90, ya alfajiri Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa kwetu Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Itatundikwa mapokezi ya ofisi moja hapa mjini, na wanaitaka baada ya miezi miwili. Mdogo wangu aliandika maelekezo kwenye programu ya akili unde, ikatoa picha nzuri sana: jua linachomoza ziwani, mwezi mpevu bado uko juu, mashua za matanga zinarudi taa zikiwaka. Nimefikiria niipeleke ikachapishwe kwenye kanvasi, kisha nipake rangi juu yake, maana muda ni mfupi. Je, inafaa? Itakuwa kazi yangu kweli? Na je, naweza kulainisha rangi kwa mawese yaliyosafishwa? Mafuta ya kuchorea mpaka niagize Dar, na kwetu mawese yamejaa.

Jibu: Marahaba dada, na hongera kwa oda. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo linaweza kuiharibu kazi hata kama mengine yote yamekwenda sawa. Mawese usiyatumie. Hata yakichujwa na kusafishwa mpaka rangi nyekundu ikatoka yote, hayatakauka.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya maji ya ukutani. Mafuta ya kitani, yale ambayo dukani utasikia yakiitwa linsidi, hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu unaoushika unga wa rangi. Uwezo huo unatokana na aina za asidi zilizomo ndani ya mafuta yenyewe. Kitani, jozi na mbegu za mpopi zinazo kwa wingi, ndiyo maana wachoraji wa Ulaya wamezitumia kwa karne nyingi. Mawese na mafuta ya nazi hayanazo za kutosha. Ukichanganya mawese kwenye rangi, picha itabaki inanata mwaka hadi mwaka, itakamata vumbi jekundu la kiangazi, na siku za joto rangi itateleza. Alizeti ya kupikia nayo usiijaribu kwenye kazi ya mteja. Hukauka kwa kusuasua na utando wake ni dhaifu. Na ukiona kwa muuza vifaa vya ujenzi linsidi iliyochemshwa, ile ya mafundi wa milango, iache hukohuko, kwa sababu hugeuka kahawia haraka. Agiza chupa ndogo ya mafuta ya kitani ya wachoraji, mililita 75, ije kwa basi au kwa treni. Kwa picha ya ukubwa wako itatosha na kubaki, kwa kuwa matabaka ya mwanzo hayahitaji mafuta ya ziada kabisa.

Sasa hiyo picha ya mdogo wako. Naelewa kwa nini imekupendeza. Programu hizi zinajua kupanga rangi zikatulia machoni. Lakini itazame kama mtu wa Kigoma. Jua linachomoza ziwani, wapi? Kwenu ziwa liko magharibi, ng'ambo ni milima ya Kongo, na jua huzama huko. Alfajiri ukisimama mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unatazama maji, jua linatoka mgongoni kwako, juu ya vilima vya nchi kavu. Mwezi mpevu nao haukai hapo. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza: taa ndiyo inayowavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hukosa nguvu, na siku hizo wengi hupumzika na kushona nyavu. Picha yenye mwezi mpevu na kundi zima la vyombo vinavyorudi taa zikiwaka inaeleza usiku ambao wenye vyombo hivyo wamelala nyumbani. Na yale matanga ya pembetatu ni ya ngalawa na majahazi ya pwani. Mitumbwi ya dagaa ya Tanganyika unaijua kuliko mimi: ya mbao, injini nyuma, na mingine imefungwa pamoja kwa miti mirefu ili wavu ushushwe katikati.

Hayo ni makosa matatu, na kila moja litaonwa na mtu wa kwanza atakayeingia ofisini hapo akiwa amewahi kununua dagaa kwa beseni. Hatasema mchoraji amekosea mwelekeo wa jua. Atasema tu kwamba hapa si Kibirizi, na kwa oda kama yako hilo ndilo kosa zito kuliko yote.

Inafaa ujue kwa nini programu hukosea hivi, maana ukijua utajua pia wapi pa kuiamini. Programu hizi zimejifunza kwa kupitishiwa picha nyingi mno za mtandaoni pamoja na maelezo yake. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, ilifunzwa kwa picha zilizochaguliwa kutoka mkusanyiko wa takribani bilioni 5.85 za picha na maneno yake. Ukiiandikia "alfajiri, ziwa, wavuvi, Afrika", inakutengenezea kile kinachofanana zaidi na wingi wa picha ilizoziona zikiambatana na maneno hayo. Picha za jahazi za Zanzibar ni nyingi mtandaoni kuliko za mtumbwi wa dagaa. Picha za jua juu ya maji ni nyingi kuliko za jua lililo nyuma ya mpiga picha. Kwa hiyo inakisia, na inakisia kwa ujasiri uleule hata pale isipojua chochote. Ukiongeza maneno "Ziwa Tanganyika, Kigoma" itabadilika kidogo, pengine itaongeza milima, lakini haiendi kuangalia.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kazi yote hii ni kwamba akili unde uiruhusu kwenye mpangilio wa picha, uizuie kwenye vitu vilivyomo ndani ya picha. Iulize wapi uweke mtumbwi mkubwa. Usiiulize mtumbwi unafananaje.

Anza kwa kwenda mwaloni. Ukiwa Ujiji huna kisingizio, mimi natoka Tabora na treni. Fika kabla hakujapambazuka, ukiwa na simu, daftari na penseli laini, na ukiweza ubao mdogo uliopakwa praima, rangi ya kwanza ya kuuandaa, pamoja na rangi tano. Usidharau ubao. Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzia kwenye vipande vya ubao wa dari na rangi za kung'aa za makopo, na picha za mtindo wake leo ziko duniani kote. Kwa kuchukua rangi ya asubuhi, kipande cha ukubwa wa daftari kinatosha.

Kitu cha kutafuta huko ni hiki. Dakika chache kabla jua halijavuka vilima vya nyuma yako, mwalo wote bado uko kivulini. Mchanga, mitumbwi iliyokwisha kufika, akina mama waliosimama na mabeseni, vyote vina rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Wakati huohuo milima ya Kongo, kama hewa ni safi, imeshapigwa na jua usoni: kileleni waridi inayokaribia chungwa, chini bado zambarau. Kilicho mbali kina rangi ya joto na kilicho karibu kina rangi ya baridi. Darasani tunafundishwa kinyume chake, kwamba vya mbali vipoe na vya karibu vipate joto, na ndivyo programu itakavyokupa mara nyingi. Kibirizi alfajiri kanuni hiyo inapinduka kwa muda mfupi, na huo muda mfupi ndio picha yako. Katikati, maji yanabeba vyote viwili: mistari ya waridi kutoka mlimani na bluu iliyoanguka kutoka angani, ikikatwa na weusi wa mitumbwi inayokaribia.

Baada ya hapo jua linavuka vilima na kila kitu kinabadilika. Mitumbwi inamulikwa usoni, vivuli vinalala kuelekea majini, na fumbo lote linaisha. Wakati huo pia ni mzuri, lakini ni picha nyingine. Chagua mmoja. Na kama unakwenda miezi ya kiangazi, nyika zinapochomwa, milima hiyo mara nyingi humezwa na moshi. Basi chora moshi, au subiri mvua za kwanza zisafishe hewa.

Taa nazo ziamue mapema. Zamani zilikuwa karabai, mwanga wa manjano wenye joto. Siku hizi nyingi ni taa za betri na sola, nyeupe ya baridi. Rangi utakayoipa taa ndiyo itakayomwambia mtazamaji asubuhi hii ni ya miaka gani, kwa hiyo muulize mteja anataka Kibirizi ya lini. Akisema ya utoto wake, umeshapata karabai.

Simu yako itakudanganya mahali pawili hapo mwaloni. Kwanza, inapenda kuangaza giza. Ukipiga picha kivulini inavuta mwanga mpaka alfajiri inafanana na saa nne asubuhi. Gusa kioo pale kwenye mlima ulioangazwa kisha ushushe mwanga kwa kidole, piga. Halafu gusa kwenye mtumbwi wa karibu, piga tena. Utakuwa na mbili, moja ya mlima na anga, moja ya vivuli, na jicho lako litaziunganisha. Pili, lenzi yake ni pana. Ukisogelea mtumbwi, pua ya mtumbwi inakuwa kubwa kama nyumba na milima inabaki kama uzi. Rudi nyuma hatua nyingi, kisha vuta karibu mara mbili. Milima itarudi kwenye ukubwa ambao macho yako yanaujua. Rangi ambazo simu haikuzishika ziandike kwenye daftari kwa maneno yako mwenyewe, "mchanga kama majivu", "upande wa kushoto wa mlima karibu nyekundu". Maneno hayo yatakusaidia kuliko picha yenyewe ukifika nyumbani.

Ukishakuwa na picha zako na michoro yako ya penseli, hapo ndipo mlango wa akili unde unafunguka. Programu nyingi hukubali upakie mchoro wako mwenyewe na kuomba mipangilio tofauti: upeo wa macho uwe chini, mtumbwi mkubwa uhamie kulia, kundi la watu liwe pembeni. Pakia mchoro wa penseli badala ya picha ya simu. Bando litatumika kidogo, na pia hutakuwa umewapeleka akina mama wa mwaloni kwenye mashine ya watu bila wao kujua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, sura ya mtu inaombwa kwa mwenyewe.

Omba mipangilio kadhaa. Kisha fanya jambo ambalo wanafunzi wangu hulipinga mwanzoni: zigeuze zote ziwe nyeusi na nyeupe, zipunguze mpaka kila moja iwe ndogo kama kiberiti, na uzitie ukungu kidogo. Kwenye kompyuta GIMP na Krita zinafanya hivyo bure. Kwenye simu Snapseed inatosha. Sasa huoni tena mtumbwi wala mtu, unaona mabaka ya giza na mwanga tu. Chagua ile ambayo mabaka yake yanakaa vizuri, inakili kwa mkaa kwenye karatasi, kisha funga programu na usiifungue tena kwa ajili ya picha hii. Ulichochukua ni mahali pa giza na mahali pa mwanga. Jahazi la Zanzibar haliwezi kupenya kwenye kitu kidogo na chenye ukungu namna hiyo.

Usiandike kwenye maelekezo "kwa mtindo wa" mchoraji fulani aliye hai. Mtu huyo ametumia maisha kuupata mkono wake, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Kuhusu kuchapisha kwenye kanvasi na kupaka juu, nakushauri usifanye, na sababu yangu ya kwanza ni ya kiufundi. Programu nyingi hutoa picha yenye takribani pikseli, yaani nukta za picha, 1,024 kwa upande. Ukiitandaza kwenye sentimita 120 unapata kama pikseli 22 kwa kila inchi, wakati chapa nzuri ya ukubwa huo inataka angalau 150. Zipo programu za kukuza, lakini zinakuza kwa kubuni, na unarudi kwenye matanga yaleyale. Pili, wachapaji wa mabango wa mikoani kwetu wengi huchapa kwenye plastiki ya mabango. Rangi ya mafuta haishiki vizuri juu ya plastiki hiyo, na baada ya muda huanza kubanduka. Kama ungepata kanvasi halisi ya pamba iliyochapwa kwa wino wa chembe za rangi, bado ungelazimika kuifunika kwanza kwa tabaka la akriliki isiyo na rangi, likauke, ndipo mafuta yafuate. Inawezekana, na wapo wanaoifanya kwa ustadi.

Sababu ya tatu inanigusa zaidi. Ukipaka juu ya chapa, mkono wako unafuata mstari ambao hukuuamua. Mahali ulipotakiwa kuona kwamba bega la yule mama limeinama kwa uzito wa beseni, utajaza tu umbo lililokwishawekwa. Na mteja ameomba picha ya rangi za mafuta, siyo chapa iliyopambwa. Oktoba 2018 nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York iliuza picha iliyotungwa na kompyuta, iitwayo Edmond de Belamy, kwa dola 432,500. Ilikuwa chapa ya wino juu ya kanvasi, na iliuzwa kama kazi ya kompyuta, hakuna aliyefichwa jambo. Wewe ukichapa, unapaswa kusema umechapa, na bei yako lazima ilingane na hilo.

Kama kinachokusukuma ni muda, njia ya haraka ipo na ni ya zamani. Kanvasi yako ina uwiano wa nne kwa tatu, ambao ndio uwiano wa kawaida wa kamera ya simu, kwa hiyo huhitaji kukata chochote. Nenda steshenari, chapa mchoro wako wa mwisho kwa ukubwa wa sentimita 24 kwa 18. Unaingia kwenye A4. Uchore miraba ya sentimita 3. Kwenye kanvasi chora kwa mkaa miraba ya sentimita 15. Pande zote mbili utapata miraba 48, minane kwa sita, na kila kitu kinakuzwa mara tano. Kwa utulivu, asubuhi moja inatosha kuhamisha mchoro wote. Kama kuna mtu wa kukuazima projekta ni sawa pia, ila iweke ielekee kanvasi moja kwa moja, ikiinama kidogo tu mitumbwi yako itanyooka kama mishale. Usidhani unadanganya kwa kutumia vifaa hivi. Albrecht Dürer wa Ujerumani mwaka 1525 alichapa michoro ya vifaa vya kumsaidia mchoraji kupima anachokiona, na hakuna anayesema hakujua kuchora.

Sasa rangi. Tabaka la kwanza liwe jembamba, amba iliyochomwa, ile kahawia iliyokolea, na tapentaini tu, bila mafuta ya ziada. Weka vivuli vikubwa: mwalo, mitumbwi, sehemu ya chini ya milima. Amba hukauka upesi, mara nyingi siku moja au mbili. Fungua madirisha, tapentaini kwenye chumba kilichofungwa inaumiza kichwa na mapafu. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta zaidi kidogo kuliko la chini yake. Ukigeuza, ukaweka lenye mafuta mengi chini na lenye machache juu, la juu litakauka kwanza, la chini litaendelea kusogea, na baada ya miaka michache utaona nyufa. Akriliki unaweza kuitumia chini ya mafuta. Juu ya mafuta kamwe.

Kwa vivuli vya karibu changanya altramarini, ile bluu nzito, na amba iliyochomwa, kisha nyeupe kidogo. Ukizidisha altramarini kinapoa, ukizidisha amba kinapata joto, na rangi hizo mbili peke yake zitakupa mwalo wote. Milima: nyeupe ya titani kwa wingi, oka ya njano kidogo, na nyekundu ya kuonja tu. Nyeupe tupu usiiguse popote mpaka mwisho, kwenye taa. Hapa skrini imewaharibu wengi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe. Rangi inarudisha tu mwanga wa chumba. Taa uliyoiona ikiwaka kwenye simu huwezi kuifikia kwa rangi yoyote ya dukani. Utaifanya iwake kwa kushusha vyote vinavyoizunguka, hasa maji yaliyo chini yake. Na dagaa ndani ya mtumbwi usiwachore mmojammoja. Weka baka moja la kijivu cha fedha, kisha viboko vitatu vinne vyepesi vya rangi nzito upande unaotazama anga. Jicho litawahesabu lenyewe.

Kila jioni piga picha kazi yako ikiwa kivulini, pasipo jua la moja kwa moja, na uigeuze nyeusi na nyeupe. Kama mlima na mchanga vimekuwa kijivu kimoja, picha imekufa na utalijua hilo kabla tabaka halijakauka. Igeuze pia kushoto kulia. Mtumbwi uliolala vibaya utauona palepale. Na ukitaka kujaribu jambo kubwa, tuseme kuongeza mtumbwi wa tatu au kuutia giza ukingo wa chini, lijaribu kwanza kwa kidole juu ya hiyo picha ya simu. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo vifaa vya kidijitali vimemletea mchoraji wa mafuta. Zamani jaribio kama hilo liligharimu rangi, siku za kungoja, na wakati mwingine kanvasi nzima.

Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike ndani. Yale mafuta yanaponyonya oksijeni hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimojakimoja, au vilowekwe kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Umeuliza kama itakuwa kazi yako. Ukifuata njia niliyoeleza, ndiyo, bila shaka. Umekwenda mwaloni, umechora kwa mkono, umechagua, umepaka. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi za uchoraji, na unaweza kuisajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ile picha iliyotoka kwenye programu ni habari nyingine. Marekani, ambako suala hili limefika mbali, mahakama mjini Washington iliamua mwaka 2023 kwamba picha iliyotengenezwa na mashine peke yake haina hakimiliki kwa kuwa haina mtunzi binadamu, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2025. Huo si uamuzi wa mahakama zetu. Lakini ungeuza nakala ya picha ile na kesho mtu wa Kasulu akatoa inayofanana nayo kwenye simu yake, ungekuwa na hoja dhaifu ya kumzuia. Michoro yako ya penseli, picha za mwaloni na kile kibao kidogo cha rangi vitunze pamoja, vikiwa na tarehe. Siku ukiulizwa, ndivyo vitakavyokujibia.

Mteja mwambie mapema ulivyofanya kazi: picha imechorwa na kupakwa kwa mkono, kutokana na michoro ya Kibirizi; kompyuta imetumika kupima mpangilio. Waliosikia hivyo, kwa uzoefu wangu, huuliza zaidi kuhusu mwaloni kuliko kuhusu kompyuta. Nyuma ya kanvasi andika jina lako, mwezi na mwaka, mahali, aina ya rangi na mafuta uliyotumia. Siku ikihitaji kusafishwa, fundi atajua anashika nini.

Na miezi miwili ni michache kwa vanishi ya mwisho. Ukigusa picha baada ya wiki tatu utadhani imekauka, kumbe ndani bado. Vanishi kamili hungoja miezi 6 hadi 12, na kwenye masika hata zaidi sehemu zenye rangi nene. Siku ya kukabidhi pitisha tabaka jembamba sana la vanishi ya muda, ile inayoruhusu rangi kuendelea kupumua, na uweke kwenye makubaliano kwamba utarudi mwakani kuimalizia. Usafiri wa kutoka Ujiji hadi mjini ni mfupi, ila bei yake iingize sasa. Waombe pia wasiitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni kutoka ziwani.